Nusu Ambayo Haikupimwa

Katika mji ule hakuna aliyefika kazini bila kupita utotoni. Sababu ilikuwa ramani tu. Mtaa mmoja ndio uliounganisha makazi na maofisi, na mtaa huo ulikuwa na kona moja, penye ukuta mfupi wa mfereji. Hapo kwenye kona kila mpita njia alimkuta mtoto aliyekuwa yeye, mwenye miaka saba, akilifanya lile jambo moja ambalo mkubwa wake hajalimaliza. Wakazi walikwishazoea. Wenye adabu waliangalia upande wa pili. Wenye haraka walitupa salamu nusunusu, kama mtu anavyomsalimia jirani waliyekosana kwa sababu ya mpaka. Hakuna aliyesimama.

Raya alikuwa na miaka arobaini, na alikuwa amepita hapo kila asubuhi ya kazi kwa miaka kumi na minane. Alichokikuta hakikubadilika. Wasichana wawili wameketi juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Mmoja, mwenye gauni la buluu, amefunika kitu kwa upindo wa gauni lake na kukitia katikati ya magego. Mwenzake, ambaye ndiye Raya wa miaka saba, mwenye mapengo mawili mbele, amemwinamia mpaka vichwa vinakaribia kugongana.

"Uma katikati, Mize. Katikati hasa!"

"Hebu nipishe nivute pumzi! Kama unajua sana, uma wewe. Utauma na nini, ufizi?"

"Na anayeuma hachagui."

"Nani kasema nachagua?"

Halafu krak, sauti ndogo na kavu, kama ukucha unaokatwa.

Ilikuwa desturi ya Raya kuondoa macho papo hapo, mara tu baada ya sauti ile. Yaliyofuata aliyajua. Lakini asubuhi hii gari la maji lilikuwa limeziba njia kidogo, akalazimika kungoja, na kwa kuwa alingoja aliona. Msichana wa gauni la buluu alitafuna, machozi yamemlenga machoni, na alipokuwa akitafuna alipeleka mkono wa kushoto kwenye shavu la kushoto, akaukandamiza hapo.

Mkono wa kushoto, shavu la kushoto. Raya aliliweka jambo hilo akilini bila kulitafsiri. Hivyo ndivyo alivyofunzwa: andika kwanza, fasiri baadaye. Kanuni hiyo alifundishwa akiwa na miaka kumi na tisa. Alipokuwa na saba hakuwa nayo.

*

Sheria ya mji ilikuwa fupi. Jino la kwanza la mtoto likishang'oka, mtoto hupewa pipi moja, nyekundu, yenye mstari mweupe, uzito gramu tano. Hiyo ndiyo pipi yake ya umri, na hapewi nyingine mpaka mwisho wake. Anayeimung'unya taratibu, ilisemwa, utamu hukaa ulimini mwake miaka na miaka, na kadiri utamu unavyokuwamo ulimini ndivyo mwenyewe anavyokuwamo mjini. Anayeitafuna hujimaliza mapema. Ulimi ukiisha utamu, mtu amekwisha. Huvushwa daraja akapelekwa Nyumba ya Maji Matupu, ambako hakuna anayeitwa kwa jina, kwa sababu jina nalo, ilielezwa, ni kitu kitamu.

Watu waliamini hivyo, na ushahidi haukukosekana. Waliokuwa wakivushwa walikuwa wamechoka, wamekunjamana, wamekauka. Ni kweli kwamba wengi wao walitoka katika Nyumba ya Masufuria, kule pipi zilikopikwa, na kwamba nyumba hiyo ilipika pipi kutwa nzima siku zote za mwaka, ilhali watoto wa mji walikuwa wachache. Hesabu hiyo ya kutoa hakuna aliyeifanya. Mji unaweza kuendeshwa muda mrefu sana kwa hesabu moja ya kutoa ambayo haikufanywa.

Katika mwaka wa Raya sukari ilikuwa haba. Meli haikuja, au ilikuja na kitu kingine. Ikaamriwa pipi moja kwa watoto wawili, na watoto wawili ambao meno yao yaling'oka wiki moja walikuwa Raya na Mize, wa nyumba zinazotazamana, waliokuwa wakichangia hata kivuli cha mti mmoja wa mlangoni. Waligawana kama watoto wote wa mji walivyogawana kitu kigumu: kwa upindo wa nguo, ili mate yasiguse, na kwa kanuni iliyokuwa na nguvu kuliko sheria za wakubwa. Anayeuma hachagui. Mmoja huvunja na kutenga mafungu mawili, wa pili huchagua kwanza. Hakuna mizani iliyopata kubuniwa ambayo ni ya haki kuliko hiyo, kwani humfanya mvunjaji aogope mkono wake mwenyewe.

Mize aliuma. Akageuka ukutani, akatenga, akageuka tena. Fungu moja lilikuwa ndani ya karatasi ya pipi iliyosokotwa masikio. La pili lilikuwa ndani ya upindo uliofumbwa kiganjani. Raya akachagua karatasi. Mize akainamisha uso katika upindo wake, akatafuna, akatafuna, akaendelea kutafuna, machozi yakamlenga.

Ni hilo la kuendelea kutafuna. Raya, akiwa na fungu lake mkononi, alihesabu. Alifika thelathini na moja. Kitu kinachotafunwa mara thelathini na moja, alijiambia, si nusu. Amenipunja. Na machozi yale ni ya utamu.

Wakati huohuo akapita karani wa mtaa, mtu wa kofia na kalamu, akauliza swali lake la kila siku: nani amemung'unya, nani ametafuna?

"Mize ametafuna," alisema Raya. "Yote, mara moja. Mimi yangu sijaifungua."

Hakusema uongo. Alisema alichokiona, yaani taya likienda juu na chini.

*

Tangu siku hiyo hakuifungua. Watu walidhani ni subira, na subira ilisifiwa sana mjini. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Nusu ambayo haijafunguliwa haiwezi kuthibitishwa kuwa ndogo. Madamu karatasi imefumbwa, Raya alikuwa amepunjwa na hakupunjwa, kwa pamoja, na angeweza kuishi katika nafasi hiyo iliyo kati ya mambo mawili.

Akiwa na miaka tisa alikuwa akiinusa karatasi kila alfajiri kabla ya kwenda chuo cha watoto, pua upande mmoja kisha mwingine. Kumi na mbili: sisimizi waliigundua, wakaja kwa mstari mwembamba usiopinda, na Raya akaweka kopo lake katikati ya bakuli la maji kama mama yake alivyofanya kwa sukari ya nyumbani, akakaa akiwatazama wadudu wanavyozunguka ukingo, wakijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kumi na tisa: akajifunza. Sukari ikichemshwa mpaka joto la digrii mia na hamsini, maji karibu yote huiacha, na ikipoa haraka haigandi kwa chembechembe. Huwa kioo. Pipi ni kioo kinacholika. Nacho hunywa unyevu wa hewa polepole, hata ndani ya karatasi. Alipenda sana kujua hayo. Ishirini na sita: mwanamume mmoja mpole, fundi wa saa, alimwomba waimung'unye pamoja siku ya ndoa yao. Raya alimwambia angoje kidogo, bado hajawa na hakika. Fundi alingoja masika mawili. Kisha akaoa kwa watu wasiokuwa na shaka.

Alitembea nayo. Mfuko wa kushoto wa sare ulikuwa na umbo lake. Wakati mwingine, akiwa peke yake, maneno yalimjia vipandevipande.

Nusu. Nusu ya nini? Ya kitu ambacho sikukiona kikitengwa. Nimechagua kwanza na bado nimepoteza. Je, anayechagua kwanza huchagua, au hupokea tu alichotayarishiwa? Pipi ninayo. Utamu sinao. Yule hana pipi. Je, utamu anao? Kati yetu nani yupo?

Halafu kengele ya kazi hulia, na maswali ya aina hiyo hayana safu yake katika fomu.

Idara ya Utamu, iliyopima ndimi za wakazi kila mwaka, ilimwajiri kuwa mpimaji kwa sababu hiyohiyo. Mtu ambaye hajaonja, walisema, hana upendeleo. Katika orodha ya wakazi wote, mbele ya jina lake peke yake paliandikwa *haijaanza*. Sheria haikumruhusu yeyote kumvusha mtu ambaye pipi yake haijaanza, kwa hiyo Raya angeweza kukaa katika kile kiti cha dirisha la tatu milele. Ulimi wake haukupimwa kamwe. Ingekuwa kazi bure, na kinyozi hajinyoi.

*

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa fupi. Mtu wa nne alikuja akiegemea ukuta. Alikuwa mwanamke mkongwe, mgongo umepinda, mikono imejaa makovu madogo ya mviringo kama matone.

"Hodi hapa."

"Karibu. Jina?"

"Ala! Jina? Shoga, umenisahau hata sura?"

Raya alitazama orodha. *Mize binti Faki. Umri: arobaini. Kazi: Nyumba ya Masufuria tangu umri wa miaka saba. Pipi: ilitafunwa.* Akatazama tena uso ule. Kwa macho ulikuwa na miaka themanini. Orodha na macho vilitofautiana kwa miaka arobaini, na kwa kawaida Raya aliiamini orodha.

"Mize," alisema.

"Ndiye. Usinitazame hivyo, mwenzangu, najijua. Kioo cha nyumbani nimekigeuza ukutani, kinanisema sana." Akacheka, akakohoa, akaketi bila kuambiwa. "Wewe hujabadilika. Bado unamtazama mtu kama anayetafuta kosa la hesabu."

"Toa ulimi."

"Salamu gani hizi! Miaka thelathini na mitatu, halafu toa ulimi." Akautoa.

Raya alibandika utepe wa karatasi juu ya ulimi ule, akaubandua, akauweka juu ya kigae. Utepe hungojewa dakika tatu. Ukiwa mwekundu, utamu upo. Ukiwa wa waridi, umebaki kidogo. Ukibaki mweupe, mpimaji huandika *imekwisha*, hutia saini, na walinzi wa daraja humpokea mtu mlango wa nyuma. Tayari walikuwa wamesimama pale, wawili, wakipiga miayo.

Dakika ya kwanza ilipita. Utepe ulikuwa mweupe.

Dakika ya pili Mize alipeleka mkono wa kushoto kwenye shavu la kushoto, akaukandamiza hapo.

Raya aliutazama mkono. Tangu asubuhi alikuwa na jambo moja lisilofasiriwa, sasa alikuwa na mawili, na mambo mawili yanayofanana ni mwanzo wa elimu.

"Shavu lina nini?"

"Jino. Lile lile la siku zote. Upepo ukiligusa tu, basi."

"Lile la lini?"

"La lini tena! La tangu tuko wadogo. Hukumbuki nilivyokuwa na gego bovu? Hukumbuki, kwa sababu sikumwambia mtu. Yule ami mng'oa meno alikuwa na koleo la kung'olea misumari, nani angesema?" Mize aliusogeza ulimi ndani ya shavu, akakunja uso. "Hata ile pipi yetu, ile siku, niliiuma kwa upande mbovu, maana upande wa pili jino lilikuwa limeng'oka. Mungu wangu! Niliona nyota mchana kweupe. Machozi yakanitoka."

"Uliitafuna," alisema Raya. "Nilihesabu. Mara thelathini na moja."

"Nilitafuna nini? Nilitafuna upindo wa gauni."

Kalamu ya Raya ilisimama juu ya fomu.

"Nakwambia kweli. Ningetia kitu cha sukari kwenye jino lile ningezimia ukutani pale. Na nisipokula, ungenicheka mtaa mzima kwamba ni kibogoyo. Ulivyokuwa na mdomo wewe! Basi nikakutilia vipande vyote kwenye karatasi, nikafumba upindo mtupu, nikasema kesho nitamwambia, anibakishie yangu jino likipoa." Akayatazama makovu ya mikono yake. "Kesho yake hukusema nami. Na kesho kutwa yake alikuja karani akanichukua, akasema huyu kamaliza yake, aende Nyumba ya Masufuria."

"Na kama ningechagua upindo?"

"Wewe?" Mize alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Wewe uchague kitambaa uache karatasi? Shoga, wewe hata ugonjwa ungeuchagua wenye karatasi."

Dakika ya tatu ilikwisha. Utepe ulikuwa mweupe kabisa.

*

Nyuma ya viti vya wapimaji palikuwa na meza ndefu, na nyuma ya meza hiyo alikaa Bwana Ngwali, msimamizi. Alikuwa mnene, laini, asiyekuwa na umri unaotambulika. Daima alizungumza na kitu kidogo shavuni, akikihamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla ya kila sentensi. Katika miaka kumi na minane hakuna aliyemuuliza ni kitu gani.

"Bi Raya," alisema, akakihamisha. "Utepe umesema. Foleni inangoja."

Raya hakuandika. Alikuwa akifanya jambo ambalo alilifanya vizuri kuliko watu wengi: alikuwa akipanga hoja. Mize anasema hakuonja. Ulimi wa Mize ni mweupe. Ulimi wa aliyemaliza ni mweupe. Ulimi wa ambaye hakuanza, je, ni wa rangi gani? Swali lilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu, na mtu pekee mjini ambaye angeweza kulijibu alikuwa amekalia jibu lake miaka kumi na minane.

Alichukua utepe mpya, akaubandika juu ya ulimi wake mwenyewe.

"Bi Raya! Kinyozi hajinyoi."

"Sijinyoi, Bwana. Najitazama tu."

Dakika tatu ni muda mrefu. Walinzi waliacha kupiga miayo. Mtu wa tano katika foleni, kijana wa kike mwenye mtoto mgongoni, alinyoosha shingo. Utepe wa Raya ulilala juu ya kigae kando ya utepe wa Mize, na dakika zilipokwisha haikuwezekana kuzitofautisha isipokuwa kwa mahali zilipowekwa.

Karatasi nyeupe haijui tofauti kati ya aliyemaliza na asiyeanza. Huo ndio ugunduzi wote. Ulikuwa mdogo, ungetosha katika mstari mmoja wa kitabu. Lakini Raya alikuwa ametia saini chini ya karatasi nyeupe elfu mbili na zaidi, na katika kila saini alikuwa amechukulia kwamba weupe ni mwisho. Alifikiri juu ya mikono yenye makovu ya matone iliyopita dirishani pake. Walikuwa wamesimama mbele ya sukari maisha yao yote. Wangapi waliwahi kuionja?

"Hilo halithibitishi kitu," alisema Bwana Ngwali. "Huyu anasema hakula. Kila anayevushwa husema hivyo."

"Kweli," alisema Raya. "Maneno hayathibitishi. Uzito unathibitisha." Akaingiza mkono katika mfuko wa kushoto. "Pipi ni gramu tano. Kama aligawa nusu kwa nusu, humu mna mbili na nusu. Kama alinipunja, mna pungufu. Kama hakula, mna tano."

Kifungu kilikuwa kimefifia rangi, masikio ya karatasi yamelegea. Alikiweka juu ya meza. Ilikuwa miaka thelathini na mitatu ya kutopima. Sasa alijua ni kwa nini: hakuogopa kupunjwa hata kidogo. Alichokiogopa ni kukuta hakupunjwa.

"Huruhusiwi kupima chako," alisema Bwana Ngwali. "Na ukifungua hiyo karatasi, Bi Raya, wewe si *haijaanza* tena. Kiti hicho si chako. Utapimwa mwaka hadi mwaka kama wenzako. Fikiri."

"Nipimie wewe, basi, Bwana."

Bwana Ngwali alikihamisha kitu cha shavuni mara mbili. Hakuinuka.

"Lete hapa," alisema Mize. "Mimi napima sukari tangu nina miaka saba, tena kwa mikono iliyoungua. Mtashindania mizani kama watoto." Akavuta mizani ya shaba, akaipuliza vumbi, akaisawazisha kwa kidole kimoja bila hata kuitazama vizuri. Akaweka kifungu upande huu, na karatasi tupu ya aina ileile upande wa pili, ili uzito wa karatasi usiingie katika hesabu. Raya aliona ustadi huo, akajua kwamba aliyeufundisha mkono ule hakuwa Idara. Kisha Mize akaweka mawe madogo ya gramu mojamoja upande wa karatasi tupu: moja, mawili, matatu. Mizani haikutikisika. La nne. La tano. Upande wa kifungu ulipanda polepole, ukasimama, ukabakisha unywele mmoja.

"Soma wewe. Macho yangu moshi uliyala."

"Gramu tano," alisoma Raya, "na sehemu moja ya kumi."

"Imezidi?" aliuliza yule mwenye mtoto.

"Ni unyevu. Sukari hunywa hewa. Ni miaka thelathini na mitatu."

Raya alichukua fomu ya Mize binti Faki. Mahali pa *imekwisha* alipiga mstari, akaandika kwa hati yake ileile isiyolala: *haijaanza*. Akatia saini. Chini yake, pasipokuwa na safu, akaongeza sentensi nzima: *Kosa la taarifa ya kwanza ni langu. Niliona taya likienda, nikasema amekula.*

"Mtu wa miaka themanini, haijaanza!" Bwana Ngwali aligonga meza. "Kazeeka na nini, basi?"

"Ana arobaini," alisema Raya.

"Nimezeeka na kazi, Bwana," alisema Mize. "Digrii mia na hamsini, usoni, kila siku. Sukari nimeichukua mgongoni, mdomoni sijaijua. Na wewe mwenzangu, ambaye huzeeki, hebu tueleze ni nini hicho unachokisukuma shavuni?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu yeyote angeweza kuliuliza mwaka wowote. Bwana Ngwali alifumba mdomo, na kwa kuwa alifumba mdomo hakuweza kujibu, na kwa kuwa hakujibu foleni yote iligeuka kulitazama shavu lake. Walinzi wa daraja walitazamana. Mmoja wao, ambaye mama yake alikuwa Nyumba ya Masufuria, akaufunga mlango wa nyuma kwa komeo, taratibu, kama anayezuia upepo tu.

Ndipo Raya akafungua karatasi.

Ilichanika kidogo, kwa uzee. Ndani mlikuwa na vipande vinne na vumbi jekundu. Alama ya gego ilikuwa bado juu ya kimoja, kama muhuri.

"Mbona umeduwaa? Chagua," alisema Mize.

"Ni zako zote. Mimi nili..."

"Wewe! Anayeuma hachagui. Mimi ndiye niliyeuma. Chagua, halafu na mimi nipate changu, au unataka tungoje meli nyingine?"

Raya alichagua kile chenye alama ya gego. Akakitia mdomoni. Hakutafuna.

Tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa alijua utamu ni nini, kwa maana ya kujua: jinsi unavyoundwa, unavyoyeyuka, mahali ulimi unapoupokea. Elimu hiyo yote ilikuwa sahihi. Ilifanana na kujua urefu wa mtu ambaye hujakutana naye. Kwanza kulikuwa na kitu kigumu, baridi, chenye kona. Kisha kona zikalainika. Kisha mate yakaja kwa wingi, naye akalazimika kumeza, na alipomeza alisikia kitu kikishuka mpaka mahali ambapo hakujua kuwa pana njaa. Palikuwa na ukakasi mdogo wa karatasi ya zamani, na mwishoni, nyuma kabisa, harufu ya kitambaa. Hilo la kitambaa alilithibitisha mara mbili.

"Je?" aliuliza Mize, ambaye alikuwa amekiweka kipande chake upande wa kulia, mbali na jino.

"Ni tamu," alisema Raya. Akafikiri kama palikuwa na la kuongeza. Halikuwapo.

Mize aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimlenga, na safari hii Raya hakuyafasiri. Alimuuliza.

"Jino au?"

"Vyote viwili, shoga. Vyote viwili."

*

Waliondoka pamoja kabla ya adhuhuri. Vipande viwili vilivyobaki Raya alivisokota katika karatasi ileile na kumpa yule kijana mwenye mtoto mgongoni, kwa ajili ya mtoto huyo, jino lake litakapong'oka, na kanuni ya kugawa akamweleza kwa ukamilifu. Tepe aliziacha juu ya kigae. Kiti kilikuwa kimeshaondolewa kwenye dirisha la tatu. Foleni haikutawanyika. Watu walikuwa wamehama kutoka mbele ya madirisha wakasimama mbele ya meza ya Bwana Ngwali, na walimtaka atoe ulimi.

Walikwenda polepole kwa ajili ya mgongo wa Mize. Walipofika kwenye kona, ukuta wa mfereji ulikuwa mtupu. Raya alichungulia upande wa pili, akatazama hata ndani ya mfereji, kwa kuwa kutokuwapo kwa kitu nako kunahitaji kuthibitishwa. Hapakuwa na wasichana. Palikuwa na jiwe lenye joto la jua, lenye urefu unaofaa kwa magoti ya mtu mzima.

"Tukae kidogo," alisema Mize. "Unakimbilia wapi, huna kazi."

Wakakaa. Miguu haikuning'inia tena, ilifika chini. Raya alikuwa bado na kipande chake, kimebaki chembamba kama ukucha. Alijua kwamba kufikia mwaka ujao ulimi wake ungepimwa kama ulimi wowote, kama ingekuwapo bado karatasi ya kupimia. Alijua vilevile, na hili alilipima kwa uangalifu zaidi, kwamba hakuwa na haraka nacho wala hakuogopa kwisha kwake.

Mpita njia wa kwanza aliangalia upande wa pili, kwa adabu. Wa pili alitupa salamu nusunusu. Wa tatu, mzee mmoja wa mikono yenye makovu ya matone, alifika kwenye kona, akamwona mtoto aliyekuwa yeye, ambaye wao hawakuweza kumwona, akasimama.